Jipime Kemia Kabla ya Kupanda Treni

Umemaliza kidato cha sita, jina lako limetoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kusoma uhandisi, iwe Mlimani, MUST kule Mbeya au DIT, na umebakiwa na wiki chache hapa Kigoma kabla ya chuo kufunguliwa. Wengi hutumia wiki hizo kuwinda madesa ya mwaka wa kwanza. Nakushauri ufanye jambo jingine kwanza: ujue kemia iliyomo kichwani mwako ni ipi hasa. Alama yako ya NECTA haikuambii hilo. Inakuambia ulivyofanya mwezi Mei, kwenye maswali ambayo sura yake ulishaizoea kwa kupitia pasti pepa za miaka mingi. Swali likija na sura ngeni, utajua pa kuanzia?

Mhandisi wa maji, wa madini, wa umeme anayepanga betri za sola, wa ujenzi anayesimamia zege, hakuna atakayeombwa kazini afafanue maana ya asidi. Wote watakabiliwa na maswali mawili yaleyale: jambo hili litaelekea wapi, na kwa kiasi gani? Kipimo cha kemia kinachomfaa mwanafunzi wa uhandisi ni kile kinachomlazimisha kujibu maswali hayo mawili kuhusu kitu halisi. Na mwambao huu umejaa vitu halisi. Kuna ziwa lenye maji ya aina yake, kuna chumvi ya Uvinza, kuna mawese, kuna meli ya chuma iliyozama ikainuliwa.

Wewe uliyesoma PGM, mwongozo huu ni wako kuliko wa mtu mwingine yeyote. Kemia uliiacha kidato cha nne, na fani kadhaa za uhandisi hupokea mtu kwa Fizikia na Hisabati ya Juu. Ukifika chuoni utakaa darasa moja na waliosoma PCM, na mhadhiri hatasimama kukungoja. Pengo lako linazibika, lakini sharti ujue liko wapi kabla hujaanza kuliziba.

Namna ya kujipima

Chukua daftari kubwa, kikokotoo na jedwali la elementi. Simu iweke chumba kingine. Kwa kila swali fanya mambo matatu kwa mpangilio huu, na usiuvuruge. Kwanza andika kisio lako kwa maneno, kabla ya hesabu yoyote: kitaongezeka au kitapungua, ni gramu au ni kilo, kitatangulia hiki au kile. Pili andika pembeni neno moja kati ya matatu: najua, nadhani, nabahatisha. Tatu, ndipo ukokotoe. Usifute kisio lako hata likionekana la aibu, maana ndilo utakalolihitaji baadaye.

Visio viandike kwa Kiswahili. Umesoma kemia kwa Kiingereza, na mtu anaweza kukariri sentensi nzima ya Kiingereza akaiandika kwenye mtihani akapata alama zote bila kujua inachosema. Kwa lugha unayoiotea ndoto ni vigumu kujificha. Kama unaweza kumweleza bibi yako Ujiji kwa nini maji fulani hukataa kutoa povu, na bibi akauliza swali la pili nawe ukalijibu, basi jambo hilo unalijua. Kiingereza chake utakipachika baadaye bila tabu.

Sasa maswali. Soma kila moja, funika aya zinazofuata, jibu, ndipo usonge mbele.

Sufuria jikoni

Bandika sufuria la maji ya ziwa. Muda mfupi kabla ya kuchemka utaona vipovu vidogo vimeng'ang'ania ukutani mwa sufuria. Baadaye yanakuja mapovu makubwa yanayopanda kwa nguvu. Ndani ya vile vidogo mna nini? Na ndani ya yale makubwa?

Swali linafanana na la mtoto wa darasa la sita, lakini limewaangusha wanafunzi wa vyuo. Mwaka 2002, huko Marekani, Douglas Mulford na William Robinson walichapisha jaribio la maswali 22 la kupima dhana za msingi za kemia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na swali la mapovu ya maji yanayochemka lilikuwamo. Kosa linalojulikana sana ni kusema kwamba mapovu yana haidrojeni na oksijeni, kana kwamba jiko limeyapasua maji. Jibu ni kwamba vipovu vya mwanzo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini, ambayo maji yakipata joto hayawezi kuishika yote. Mapovu makubwa ni mvuke wa maji. Kuigeuza moli moja ya maji kuwa mvuke kunadai kilojuli 41 hivi, na kuivunja iwe haidrojeni na oksijeni kunadai kilojuli 286. Maji yanapochemka molekuli huachana zenyewe kwa zenyewe, lakini hazivunjiki.

Endelea na sufuria hilohilo. Maji hayo yatachemka kwa nyuzi ngapi? Ukiandika 100 na pembeni ukaweka "najua", piga mstari mwekundu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 92, si 101 kama la Dar es Salaam, na maji huchemka kwenye nyuzi 97 na kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mpishi wa ugali, lakini mtu anayebuni boila au mtambo wa kukausha atakosea akiisahau. Kinachopimwa hapa ni kama unajua kwamba joto la mchemko linafuata shinikizo, au umeikariri tu namba 100.

Maji ya ziwa

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ziwa letu ni mtihani mzima peke yake.

Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana pH inayozunguka 9. Swali la kwanza: ukilinganisha na maji yenye pH 7, ioni za haidrojeni ni pungufu mara ngapi? Anayejibu "mara mbili" kwa kuwa 9 kutoa 7 ni 2 hajaelewa kipimo anachokitumia. Kila hatua moja ya pH ni mara 10, hivyo hatua mbili ni mara 100. Na ukijua kwamba kwenye nyuzi 25 zao la ioni za haidrojeni na haidroksidi ni 10⁻¹⁴, utaona kuwa haidroksidi humu ni 10⁻⁵ moli kwa lita.

Swali la pili ndilo la mhandisi. Maji haya yanatakiwa yatiwe klorini ili watu wa Mwanga na Gungu wayanywe salama. Je, dozi ileile ya klorini itaua vijidudu sawasawa na ambavyo ingeua kwenye maji ya pH 7? Klorini ikiingia majini hutengeneza asidi ya haipoklorasi, na asidi hiyo ndiyo muuaji hodari. Ikipoteza ioni yake ya haidrojeni inabaki haipokloraiti, ambayo ni dhaifu zaidi kwa kazi hiyo. Mizani kati ya hizo mbili hukaa nusu kwa nusu kwenye pH 7.5 hivi. Kokotoa: kwenye pH 7 karibu asilimia 76 ya klorini iko katika hali ya asidi. Kwenye pH 9 ni asilimia 3 tu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri pH iwe chini ya 8 wakati wa kutia klorini, na pale ambapo haiwezi kushushwa, mhandisi huongeza muda wa klorini kukaa na maji au huongeza dozi. Kama uliifahamu mizani ya asidi na besi darasani tu, hapa utaiona ikigusa afya ya mji. Swali hili moja linapima pH, mizani ya kemikali na logi kwa pamoja. Ukilimaliza bila kuchungulia, una msingi mzuri.

La tatu linahusu ugumu wa maji. Lita moja ya maji ya ziwa ina takriban miligramu 40 za magnesi na takriban 10 za kalsiamu. Sehemu kubwa ya madini yaliyoyeyuka ziwani huletwa na mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenye nchi ya miamba ya volkano. Sema: magnesi ni mara ngapi ya kalsiamu? Mwanafunzi mwenye haraka atasema nne. Kemia haihesabu kwa miligramu, huhesabu kwa chembe. Gawanya 40 kwa 24.3 upate milimoli 1.65. Gawanya 10 kwa 40 upate 0.25. Uwiano ni zaidi ya sita na nusu. Jumla ni milimoli 1.9 za ioni zinazoleta ugumu, na kwa kuwa desturi ni kueleza ugumu kama kalsiamu kaboneti, zidisha kwa 100: miligramu 190 kwa lita. Hayo ni maji magumu, na ndiyo sababu sabuni huanza kwa kutoa utando mweupe kabla ya kukubali kutoa povu.

Kisha jiulize: nikitaka kuyalainisha kwa chokaa, nitafanya kama vitabu vinavyosema kuhusu kalsiamu? Hapana. Kalsiamu hujitenga mapema kama kaboneti, lakini magnesi inaondoka kama haidroksidi, na kwa hiyo unapaswa kuisukuma pH mpaka karibu na 11. Chokaa zaidi, tope zaidi, gharama zaidi. Anayedhani ugumu wa maji maana yake ni kalsiamu peke yake atabuni mtambo usiofaa hapa. Kitabu chenye mifano ya Ulaya hakitakuonya, maana kule mara nyingi kalsiamu ndiyo inayotawala.

Sabuni ya mawese

Sehemu ya moli ndiyo inayowatoa jasho wengi, na nina sababu ya kuamini kwamba inachosha kwa kuwa imefundishwa bila kitu cha kushika. Mawese utayakuta soko lolote la Kigoma, na sabuni ya mawese imeosha nguo za mji huu tangu enzi za wazee wetu. Tuitumie.

Chukulia molekuli moja ya mafuta ya mawese ina asidi za mafuta tatu zilizoshikwa na gliserini moja, na wastani wa uzito wa moli yake ni gramu 850. Kila moli inahitaji moli tatu za kostiki, yaani sodiamu haidroksidi, ambayo moli yake ni gramu 40. Una kilo moja ya mawese. Utahitaji kostiki kiasi gani? Andika kisio kwanza. Gramu 10? Gramu 100? Kilo nzima?

Kilo moja ni moli 1.18. Mara tatu ni 3.53. Mara 40 ni gramu 141. Sasa uhifadhi wa tungamo: gliserini inayotoka ni moli 1.18 mara gramu 92, yaani gramu 108. Sabuni yenyewe, bila maji, ni 1,000 jumlisha 141 toa 108: gramu 1,033. Kama hesabu yako imetoa sabuni nyingi kuliko vitu vilivyoingia, simama utafute kosa kabla ya kwenda mbele. Mazoea hayo ya kujumlisha kilichoingia na kilichotoka ndiyo uhandisi wenyewe.

Ongeza ugumu. Mtu ametia gramu 200 za kostiki kwenye kilo moja ya mawese. Nini kitaisha kwanza, na nini kitabaki? Mafuta yataisha, na karibu gramu 59 za kostiki zitabaki ndani ya mche wa sabuni, tayari kuchoma ngozi ya mfuaji. Mwingine ametia gramu 100. Sasa kostiki ndiyo itakayoisha: moli 2.5 zitakula moli 0.83 za mafuta, gramu 708 hivi, na gramu 292 za mafuta zitabaki bila kugeuka. Sabuni hiyo ni laini, ina mafuta, lakini haimuumizi mtu. Sasa waelewa kwa nini watengenezaji makini hupunguza kostiki kidogo chini ya hesabu kamili. Kama umeweza kueleza hilo, umeielewa dhana ya kitu kinachoisha kwanza vizuri kuliko mtu aliyekariri jina lake la Kiingereza.

Zamani magadi ya sabuni yalitoka kwenye majivu, na majivu yana potasiamu zaidi ya sodiamu. Sabuni ya potasiamu huwa laini, hata ya majimaji. Kama ungetumia potasiamu haidroksidi yenye moli ya gramu 56, ungehitaji gramu ngapi? Karibu 198. Moli ni zilezile 3.53, uzito tu ndio uliobadilika. Mtu akishangaa kwa nini gramu zimeongezeka wakati kazi ni ileile, arudi kwenye moli bila kuona haya.

Swali la mwisho la sehemu hii ni la usalama, na ningependa ulijibu hata kama mengine yamekushinda. Kwa nini usiyeyushe kostiki kwenye sufuria la kawaida la alumini? Kwa sababu kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na sufuria linatoboka. Tumia ndoo ya plastiki imara. Na siku zote kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa kuwa kuyeyuka kwake kunatoa joto kali linaloweza kuyarusha usoni. Mimi nakutaka uhesabu tu. Ukitaka kuipika kweli, ipike pamoja na mtu anayeifanya kazi hiyo, macho yakiwa yamekingwa.

Kuni za Uvinza

Kule mito ya Malagarasi na Ruchugi inakokutana, watu wamekuwa wakipata chumvi kutokana na chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000, na katika karne ya 19 chumvi ya Uvinza ilijulikana mbali kuzunguka ziwa. Waliichemsha kwa kuni. Swali: kwa nini wachemshe? Kwa nini wasiyaache maji ya moto yaliyoshiba chumvi yapoe, chumvi ijitenge yenyewe, kama tunavyofanya maabara na potasiamu naitreti?

Kwa sababu uyeyukaji wa chumvi ya kawaida karibu haujali joto. Gramu 100 za maji hushika gramu 36 hivi kwenye joto la kawaida na kama 39 zikichemka. Kupoza hakukupi kitu cha maana. Lazima uyaondoe maji yenyewe, na hapo nishati ndiyo bei. Tuseme maji yameshiba kabisa: kwa kilo moja ya chumvi utavukiza kilo 2.8 za maji. Kuyapasha kutoka nyuzi 25 na kuyavukiza kunadai megajuli 7 hivi. Kilo ya kuni kavu ina megajuli 15, na tuchukulie mafiga yanapeleka asilimia 20 tu ya hizo kwenye chungu. Ni kilo 2.4 za kuni kwa kilo ya chumvi. Sasa rudia ukiwa na maji yenye chumvi asilimia 10. Utavukiza kilo 9, na kuni zitapanda hadi karibu kilo 7.7. Sasa waona kwa nini jua linalovukiza maji kwenye mabwawa bila malipo hubadilisha biashara nzima ya chumvi, na kwa nini msitu unaozunguka mahali pa kuchemshia chumvi hupungua haraka maji yakiwa mepesi. Makadirio yangu ya ufanisi wa mafiga unaweza kuyapinga. Badilisha asilimia 20 iwe 10 uone kinachotokea. Kuweza kupinga dhana za swali ni alama nzuri kuliko kupata jibu langu.

Liemba na kutu

Meli iliyoitwa Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipandevipande ndani ya maelfu ya makasha, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kabla ya hapo walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kazi upya ikiwa na jina la Liemba.

Grisi ilifanya nini? Usiniambie "ilizuia kutu" ukaishia hapo. Kutu ni chuma kupoteza elektroni na oksijeni kuzipokea mbele ya maji. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, mzunguko hukatika. Grisi iliyazuia maji na oksijeni yake visiguse chuma. Basi nijibu haya kwa kisio: kwenye nguzo ya chuma iliyosimikwa gatini, ni wapi kutu itakula zaidi, chini kabisa au pale maji yanapopanda na kushuka? Kwa kawaida ni pale juu, ambako maji na hewa vinakutana bila kukoma. Na kipande cha chuma kilichotupwa kwenye kina cha mita 1,000? Maji ya chini ya ziwa hayachanganyiki na ya juu, na kuanzia mita 100 hadi 200 hivi, kutegemea sehemu, oksijeni hutoweka. Kutu ya kawaida haitakuwapo. Lakini usifurahi mapema: huko kuna haidrojeni salfaidi, na chuma kinaweza kuliwa kwa njia nyingine na kuacha salfaidi nyeusi. Anayejibu "hakuna oksijeni, hivyo chuma kitadumu milele" amejua nusu.

La hesabu ni fupi: kilo moja ya chuma ikigeuka yote kuwa Fe₂O₃ itakuwa na uzito gani? Wengi hukisia pungufu, kwa sababu kutu huonekana kama chuma kilicholiwa. Ni kilo 1.43. Oksijeni imeingia, nayo ina uzito.

Zege na betri

Haya mawili nayapitisha haraka. Je, zege hushika kwa sababu maji yamekauka? La. Saruji huungana na maji kikemia, na mfuko wa kilo 50 unaweza kushika kwa njia hiyo lita 11 hadi 12. Ndiyo maana fundi mzuri hulifunika zege kwa magunia yaliyoloweshwa na kulimwagilia siku kadhaa, na ndiyo maana zege humwagwa hata chini ya maji bandarini likashika. Mhandisi wa ujenzi asiyelijua hili ataacha bamba lipigwe na jua la Septemba lipasuke.

Betri ya asidi ya volti 12, kama zile zinazowasha taa za wavuvi wa dagaa Kibirizi na Katonga, ina seli sita zilizofuatana. Ikitoa ampea-saa 10, ni gramu ngapi za risasi zimetumika kwenye bamba hasi la kila seli? Ampea-saa 10 ni kulombu 36,000, gawanya kwa 96,485 upate moli 0.373 za elektroni. Kila atomu ya risasi hutoa elektroni mbili, hivyo moli 0.187, gramu 38.7. Mtego uko kwenye "kila seli": ukigawanya kwa sita umesahau kwamba mkondo uleule hupita kwenye seli zote.

Kusoma majibu yako

Usijumlishe alama. Pitia daftari na utenge makosa kwa aina. Ukikosea hesabu tupu, kuzidisha au kuhamisha nukta, hilo ni la mazoezi na usingizi. Ukikosea vipimo, gramu badala ya kilo au miligramu badala ya moli, jizoeze kuandika kipimo kwenye kila mstari wa hesabu, bila kuruka hata mmoja. Ukikosea mwelekeo, yaani kisio lilisema kitapungua nacho kikaongezeka, hapo dhana ndiyo mbovu, na kufanya maswali mengine 20 ya aina hiyo hakutakusaidia. Rudi kwenye kitabu cha kidato cha tatu au cha tano, soma sura hiyo tangu mwanzo, kisha mweleze mtu.

Makosa ya kushughulikia kwanza ni yale uliyoandika "najua". Kosa la "nabahatisha" ni shimo ambalo unaliona na utalizunguka. Kosa la "najua" utaingia nalo chuoni, utajenga mengine juu yake, na litaibuka kwenye sapu ya Septemba wakati hukumbuki tena lilikotoka. Vilevile yatazame majibu sahihi uliyoyaandikia "nabahatisha": hayo si yako bado.

Kwa msomaji wa PGM, mpangilio wa kuziba pengo ni huu: moli na uhifadhi wa tungamo, kitu kinachoisha kwanza, gesi na shinikizo, joto la mmenyuko, asidi na besi hadi pH, kisha oksidisheni na betri. Kemia ya viumbe na majina marefu ya kaboni yanaweza kusubiri. Usianze na sura ya muundo wa atomu ukakwama humo wiki mbili. Imeandikwa mwanzoni mwa kila kitabu, lakini katika mwaka wa kwanza wa fani nyingi za uhandisi haitakudai kama moli zitakavyokudai.

Kisha tafuta mwenzako, mmoja tu anatosha, mtungiane maswali. Mwambie atoe swali kwenye kitu anachokiona nyumbani kwao: moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, chumvi kwenye dagaa, mtungi wa gesi. Mkitunga ya kuchagua, majibu ya uongo yasiwe ya kubahatisha. Kila jibu la uongo litokane na kosa ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulifanya: yule aliyesahau kuzidisha kwa tatu kwenye mawese, yule aliyegawanya betri kwa sita, yule aliyedhani pH 9 ni mara mbili ya 7. Hapo mwenzako akikosea, jibu alilochagua litakuonyesha alichofikiri. Kutunga jibu la uongo lenye mantiki kutakufundisha zaidi ya kulijibu swali, kwa kuwa inakubidi uingie kwenye njia isiyo sahihi ukiwa macho.

Baada ya wiki mbili rudia yote, namba zikiwa zimebadilishwa: mawese kilo tatu na nusu, maji ya pH 8.4, chumvi ya asilimia 15, betri ya ampea-saa 70. Daftari la mwanzo lifungwe. Ukimaliza, linganisha safu mbili za pembeni, za zamani na za sasa, uhesabu ni "najua" ngapi zimebaki na makosa. Hizo chache zilizosalia zinakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la chuo, na wiki ya kwanza mhadhiri akiuliza kama kuna mwenye swali, anza na hizo.